Tumefukuza viroba, chupa tumeiachia: Hesabu ya pombe katika mizani ya Qur'an

MWEZI Februari 2017, aliyekuwa Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, akiwa ziarani Mererani mkoani Manyara, alitangaza kuwa ifikapo Machi 1 mwaka huo itakuwa ni marufuku kutengeneza, kuuza na kunywa pombe kali zilizofungashwa katika vipakiti vya plastiki, maarufu kwa jina la viroba. Sababu zilizotolewa zilikuwa nzito. Kiroba kilikuwa rahisi kwa bei, kilikaa ndani ya mfuko wa kaptula ya mwanafunzi bila mwalimu kujua, dereva alikinywa akiwa ameshika usukani, na mapakiti yake yalitapakaa kila kona ya mtaa. Tena wapo watengenezaji waliokuwa wakikwepa kodi.

Waislamu wengi walishukuru, na walistahiki kushukuru. Lakini leo, miaka kadhaa baadaye, hebu ndugu msomaji pita katika kijiwe chochote cha bodaboda saa mbili asubuhi. Tazama chini ya benchi. Utakuta vichupa vidogo vya pombe kali ile ile, wanywaji wale wale, na saa zile zile za kazi. Kilichoondoka ni mfuko. Kilichokuwemo ndani ya mfuko kimebaki.

Tulichofanya mwaka 2017 kilikuwa kizuri, lakini kilikuwa ni jani moja la mti wenye mizizi mirefu. Katika makala hii tutaitazama mizizi hiyo. Tutaanza na mizani ambayo Qur'an imetupa ya kupimia jambo hili, kisha tuangalie madaktari wanasema nini, mataifa mengine yamejaribu nini, na mwisho tujiulize sisi Waislamu tumesimama wapi.

Mizani ya aya ya 219

Wanazuoni wametufundisha kuwa pombe haikuharamishwa kwa siku moja. Katika Suratun-Nahl (16:67) Allah (s.w) aliwataja watu wanaotengeneza kileo kutokana na mitende na mizabibu, akakitofautisha kileo hicho na riziki njema. Mwenye akili alianza kujiuliza. Ikaja Suratul-Baqarah (2:219) iliyojibu swali la watu kuhusu ulevi na kamari. Kisha Suratun-Nisaa (4:43) ikawakataza waumini kuiendea swala wakiwa wamelewa, na kwa kuwa swala ni tano, nafasi ya kunywa ikawa finyu. Mwisho Suratul-Maidah (5:90-91) ikakata shauri: ulevi ni uchafu katika kazi za shetani, uepukwe, kwani kwa ulevi na kamari shetani hutia uadui na chuki baina ya watu na kuwazuia wasimkumbuke Allah na wasiswali.

Nataka tusimame kidogo kwenye ile aya ya 219 ya Suratul-Baqarah. Aya hiyo haikusema kuwa pombe haina faida yoyote. Imekiri kuwa ndani yake mna manufaa fulani kwa watu, lakini ikasema madhara na dhambi yake ni makubwa kuliko manufaa hayo. Hii ni mizani. Upande mmoja weka faida, upande wa pili weka hasara, kisha tazama ni upande gani unaolemea.

Hii ndiyo hesabu ambayo serikali nyingi duniani hazipendi kuipiga mpaka mwisho. Wanaandika ukurasa wa mapato: kodi kiasi fulani, ajira kiasi fulani, soko la shayiri na mtama wa wakulima. Ukurasa wa pili, wa wodi za majeruhi, wa ini lililokufa, wa watoto waliokosa ada na wa ndoa zilizovunjika, unaachwa mtupu. Tuujaze ukurasa huo.

Kinachotokea mwilini

Pombe haisubiri kusagwa kama ugali. Ikishanywewa hupenya kwenye kuta za tumbo na za utumbo mwembamba, ikaingia katika damu na kufika kwenye ubongo ndani ya dakika chache. Hapo ndipo mtu huchangamka, kisha ulimi ukawa mzito, kisha miguu ikakataa kutii. Kazi ya kuiondoa karibu yote ni ya ini. Ini huigeuza pombe kuwa kemikali iitwayo asetaldehaidi, ambayo nayo ni sumu, kabla ya kuigeuza tena kuwa kitu ambacho mwili unaweza kukitoa. Kazi hiyo ina mwendo wake. Kahawa chungu haiiharakishi, wala kuoga maji baridi. Dereva anayesema amekunywa supu na pombe imeshakata anajidanganya mwenyewe na anawadanganya abiria wake.

Mtu akiendelea kunywa sana, ini huanza kujaa mafuta. Katika hatua hii akiacha, ini laweza kurudi katika hali yake kwa uwezo wa Allah. Asipoacha, ini huvimba. Mwisho hujaa makovu magumu, hali ambayo madaktari huiita sirosisi, na hapo kurudi nyuma ni vigumu mno. Tumbo hujaa maji, macho huwa ya manjano, mishipa ya koo la chakula huvimba na kupasuka, mgonjwa akatapika damu. Katika nchi zetu, ambako virusi vya homa ya ini aina ya B vimeenea, mwenye virusi hivyo akiongeza na pombe analishambulia ini kutoka pande mbili.

Upo pia ugonjwa wa saratani. Taasisi ya Shirika la Afya Duniani (WHO) inayoshughulikia utafiti wa saratani iliiweka pombe katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu tangu mwaka 1988. Kundi hilo ndilo lenye sigara. Pombe inahusishwa na saratani za kinywa, koo, kisanduku cha sauti, umio, ini, utumbo mpana na titi kwa wanawake. Na kinachosababisha ni pombe yenyewe. Awe mtu amekunywa mvinyo wa bei mbaya hotelini au mbege kilabuni, mwili wake unapambana na kitu kile kile.

Kwa mjamzito, pombe hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni, ambaye ini lake halijakomaa. Mtoto anaweza kuzaliwa na ubongo ulioathirika na sura yenye kasoro, na hali hiyo haina dawa ya kuifuta. Mtoto huyu hakunywa. Amenyweshwa.

Kwa hesabu ya WHO iliyotolewa mwaka 2024, pombe ilisababisha vifo vya watu wapatao milioni 2.6 duniani katika mwaka 2019 peke yake. Kati ya hao, wanaume walikuwa kama milioni 2. Humo mna magonjwa, mna ajali, mna ugomvi wa visu na mna waliojiua. Pombe pia hudhoofisha kinga ya mwili, ikafungua mlango kwa kifua kikuu, na humfanya mgonjwa anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI asahau dozi zake.

Kwa miaka mingi tuliambiwa kuwa kunywa kidogo hakuna neno, tena eti ni kuzuri kwa moyo. Januari 2023 WHO ilieleza wazi kuwa hakuna kiwango cha pombe ambacho mtu anaweza kuambiwa ni salama kwa afya yake. Mwislamu aliyeisoma taarifa hiyo hakuona kipya. Mtume (s.a.w) alishafundisha, kwa mapokezi ya Abu Daud, Tirmidhi na Ibn Majah, kuwa kitu ambacho kingi chake hulevya basi hata kidogo chake ni haramu. Hatusemi kuwa tunaiamini Sunna kwa sababu WHO imesema. Tunasema kuwa aliyekuwa akitucheka kwa kukataa hata glasi moja, sasa amwulize daktari wake.

Mataifa yamejaribu nini?

Baadhi ya watu wakisikia hoja hizi husema: "Marekani walipiga marufuku pombe wakashindwa, nyie mtaweza?" Ni kweli, na somo lake ni kubwa. Marekani waliibadilisha katiba yao, na kuanzia Januari 1920 kutengeneza, kuuza na kusafirisha pombe kukawa kosa la jinai. Vifo vya maradhi ya ini vilipungua. Lakini viliibuka viwanda vya siri, magendo, majambazi wakubwa wa Chicago na polisi wala rushwa. Desemba 1933 marufuku hiyo ikafutwa.

Linganisha na Madina. Anas bin Malik (r.a) amesimulia kuwa alikuwa akiwanywesha wageni nyumbani kwa Abu Talha pale mpiga mbiu alipotangaza kuwa ulevi umeharamishwa. Hakukuwa na askari mlangoni. Abu Talha akamwamuru amwage, na pombe ikatiririka katika vichochoro vya Madina. Tofauti ni nini? Bibi Aisha (r.a), kama alivyopokea Bukhari, ameieleza vizuri: kwanza ziliteremshwa aya za kutaja Pepo na Moto, na watu walipotua katika Uislamu ndipo zikaja halali na haramu. Lau kama ingeanza amri ya kuacha ulevi, watu wangekataa. Sheria ilikuja baada ya nyoyo kulimwa.

Lakini tusiishie hapo na kujipongeza, kwani yapo mataifa yasiyo ya Kiislamu ambayo yameipunguza pombe kwa sheria nzuri, na sisi tukabaki tunasoma aya tu.

Tazama Urusi, nchi ambayo jina lake lilikuwa halitajwi bila kutajwa vodka. Mei 1985 Mikhail Gorbachev alianzisha kampeni kali: maduka ya pombe yakapunguzwa, bei ikapanda, mashamba ya mizabibu yakakatwa. Vifo vikapungua na umri wa kuishi wa wanaume ukapanda. Lakini hazina ya serikali ilikuwa imezoea fedha za vodka, watu wakaanza kupika pombe majumbani mpaka sukari ikaadimika madukani, na kabla ya muongo kwisha kampeni ikaachwa. Miaka ya mwanzo ya 1990 vifo vya wanaume vikapanda kwa kiwango cha kutisha.

Baadaye Warusi walirudi kwa njia nyingine, polepole, hatua kwa hatua. Uzalishaji ukawekewa mfumo wa kufuatilia kila chupa, vodka ikawekewa bei ya chini isiyoruhusiwa kuvukwa, uuzaji madukani usiku ukazuiwa, matangazo yakabanwa, na sheria ya mwaka 2011 ikaiingiza bia rasmi katika orodha ya vileo, kwani kabla ya hapo ilichukuliwa kama chakula. Kwa mujibu wa WHO, kati ya mwaka 2003 na 2016 unywaji nchini humo ulishuka kwa asilimia 43, na umri wa kuishi ukapanda.

Scotland nayo, kuanzia Mei 2018, iliweka bei ya chini kwa kila kipimo cha pombe. Walengwa walikuwa wale wanaokunywa pombe kali za bei chee. Tathmini iliyotolewa mwaka 2023 ilikadiria kuwa vifo vinavyotokana moja kwa moja na pombe vilipungua kwa zaidi ya asilimia 13 ukilinganisha na hali ambayo ingekuwepo bila sheria hiyo. Septemba 2024 bei hiyo ya chini ikapandishwa tena.

Ufaransa, nchi ya mvinyo, ilipitisha sheria mwaka 1991 inayozuia matangazo ya pombe kwenye televisheni na sinema, na inayozuia kampuni za pombe kudhamini michezo. Mashindano ya raga ya Ulaya yaliyobeba jina la bia yalipochezwa Ufaransa, jina la bia liliondolewa ikabaki herufi moja tu. Sisi huku, miaka ya nyuma, klabu zetu mbili kubwa na timu ya taifa zilivaa jezi zenye nembo ya bia kifuani, na watoto wetu wakazivaa jezi hizo wakienda madrasa.

Na Afrika Kusini ilitoa ushahidi ambao haukupangwa. Ulipoingia ugonjwa wa korona, Machi 2020 serikali ilizuia uuzaji wa pombe. Majeruhi wa ajali, ngumi na visu wakapungua sana hospitalini. Juni 1 pombe ikaruhusiwa, wodi zikaanza kujaa tena. Julai 12 Rais Cyril Ramaphosa akaizuia tena, akieleza kuwa vitanda vinahitajika kwa wagonjwa. Ni jaribio la wazi: funga bomba, damu inapungua, fungua bomba, damu inarudi.

Katika mambo haya yote, WHO imekusanya hatua tano na kuzitangaza mwaka 2018. Nazo ni kupunguza upatikanaji wa pombe, kudhibiti madereva walevi, kuwapa tiba waathirika, kuzuia matangazo na udhamini, na kupandisha bei kupitia kodi. Sheria yetu ya usalama barabarani ya mwaka 1973 imemruhusu dereva hadi miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu, wakati WHO inashauri isizidi 50, na kwa madereva vijana chini ya hapo.

Gongo na kifo cha shilingi kumi

Wako wanaosema ukipandisha bei ya bia mtu wa chini atakimbilia gongo. Hoja hii haifai kupuuzwa, kwani jirani zetu Kenya wanaijua kwa machungu. Novemba 2000 kinywaji kilichoitwa kumi kumi, kwa kuwa glasi iliuzwa shilingi kumi, kiliua watu zaidi ya 100 katika mitaa ya maskini ya Nairobi, na wengine wakapofuka macho. Mwaka 2005 ikatokea Machakos. Mei 2014 ikatokea katika kaunti kadhaa, ikiwemo Embu na Kiambu. Februari 2024 ikatokea Kirinyaga.

Kinachoua katika maafa ya namna hii kwa kawaida ni methanoli, pombe ya viwandani ambayo mara nyingi huongezwa makusudi ili kinywaji kiwe kikali kwa gharama ndogo. Mwilini methanoli hugeuka kuwa asidi inayoharibu mshipa wa macho. Mwenye kunywa akaanza kuona ukungu, au kuumwa tumbo na kupumua kwa shida, akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo. Asiambiwe alale pombe imtoke. Dawa ipo, lakini haingoji asubuhi.

Kenya ilijibu kwa sheria ya mwaka 2010, iliyopewa jina la mtaani "sheria ya Mututho" kutokana na mbunge John Mututho aliyeipigania. Sheria hiyo ilipanga saa za baa: kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi. Pia iliondoa marufuku ya chang'aa ili itengenezwe kwa viwango na leseni. Vifo vilivyofuata mwaka 2014 na 2024 vinaonyesha kuwa kuhalalisha hakukuondoa sumu. Mwaka 2025 nchi hiyo ikatoa sera mpya inayopendekeza umri wa kununua pombe upande kutoka miaka 18 hadi 21.

Kwetu, gongo imepigwa marufuku kwa sheria tangu mwaka 1966, na Sheria ya Vileo ilitungwa mwaka 1968 ikiweka utaratibu wa leseni na saa za kufungua na kufunga. Sheria haikukosekana. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza ni kwa nini baa inafunguliwa saa tatu asubuhi jirani na shule ya msingi.

"Lakini hii ni nchi isiyo na dini"

Atatokea wa kusema kuwa Waislamu wanataka kuwalazimisha watu sharia. Hapana. Bei, saa, umri, matangazo na leseni ni mambo ambayo Ufaransa na Scotland wameyafanya, na hakuna aliyewaita magaidi. Wasabato na Walokole nao wanaikataa pombe. Mjane ambaye mumewe aligongwa na dereva mlevi haulizwi dini yake anapofika mochwari. Hili ni suala la afya ya raia na haki ya mlipa kodi, ambaye fedha zake ndizo zinazotibu majeruhi wa pombe.

Na ile hoja ya mapato nayo ina jibu. Nchi inayotegemea kodi ya pombe ni kama baba anayepangisha chumba kwa mwizi kwa kuwa analipa kodi kwa wakati, huku mwizi huyo huyo anaiba vyombo vya nyumba hiyo. Kupandisha kodi ya pombe huongeza mapato na hupunguza unywaji kwa wakati mmoja. Anayeogopa hatua hiyo aseme wazi anaogopa nini.

Na sisi je?

Sasa tujitazame. Mtume (s.a.w) amewalaani watu kumi katika jambo la pombe, kama ilivyo katika Tirmidhi na Ibn Majah. Mnywaji ni mmoja tu kati yao. Wamo mkamuaji na anayekamuliwa, mbebaji na anayebebewa, mnyweshaji, muuzaji, mla thamani yake, mnunuzi na anayenunuliwa. Yaani mnyororo mzima, kuanzia kiwandani hadi mezani. Wataalamu wa sera wa leo nao wanasema hivyo hivyo, kuwa ukimlaumu mlevi peke yake na ukauacha mnyororo hutafika popote.

Basi ni nani mwenye lori lenye nembo ya masha Allah linalobeba kreti? Ni nani mwenye nyumba iliyopangishwa kuwa grosari, naye kila mwezi anachukua kodi na kuipeleka kwenye mchango wa msikiti? Ni diwani gani wa Kiislamu aliyeketi katika kikao cha leseni akanyamaza? Hatuna haki ya kuinyooshea serikali kidole kama vidole vingine vinne vinatuelekea sisi.

Na liko jambo la pili, gumu zaidi. Wapo Waislamu wanaokunywa. Tunajua, majirani wanajua, na imamu anajua. Kwa kuwa ni aibu, tunalificha mpaka linazika mtu.

Mtaani kwetu alikuwepo fundi seremala, mtu mpole, ambaye alikuwa akinywa kila siku kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka mmoja mwezi wa Ramadhani ulipoandama akaapa kuwa ametubu, na kwa kweli akaacha siku hiyo hiyo. Siku ya pili mikono ikawa inatetemeka, jasho linamtoka. Siku ya tatu akaanza kuona wadudu ukutani na kuongea na watu wasiokuwepo, kisha akaanguka akitikisika kama mwenye kifafa. Tukasema ni majini. Mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa waliokaa usiku ule kumsomea. Alfajiri akafariki. Nimekuja kujua baadaye, kwa kumsikiliza daktari mmoja akitoa darsa la afya msikitini, kuwa alikuwa na ugonjwa unaojulikana na unaotibika. Mwili uliozoea pombe nyingi kwa miaka mingi, ukikatiwa ghafla bila usimamizi, ubongo huchachamaa. Hospitali wangempa dawa za kutuliza, maji na vitamini B1. Hawampi pombe, kwa hiyo hakuna haramu yoyote inayoingia hapo. Kisomo kina nafasi yake, nasi hatuipunguzi. Lakini tulipaswa kumsomea tukiwa ndani ya gari tunampeleka hospitali.

Aliyetubu tulimpa sifa. Tiba hatukumpa. Hili nitaulizwa.

Bukhari amepokea kisa cha mtu aliyeletwa mara kwa mara mbele ya Mtume (s.a.w) kwa kosa la ulevi. Mmoja wa waliohudhuria akamlaani. Mtume (s.a.w) akamkataza, akaeleza kuwa mtu yule anampenda Allah na Mtume wake. Adhabu ilibaki, lakini mlango wa jamaa haukufungwa. Leo sisi tumefunga mlango na adhabu yenyewe hatuna.

Mambo ya kufanya

Kwanza, kila msikiti uwe na mtu mmoja au wawili wanaojua hospitali ya karibu yenye huduma ya afya ya akili, ili anayetaka kuacha pombe asiachwe peke yake. Dodoma ipo Mirembe, na Zanzibar zipo soba hausi zilizowasaidia vijana wengi. Anayetetemeka, anayetokwa jasho au anayeona visivyokuwepo baada ya kuacha, apelekwe hospitali mara moja.

Pili, Ramadhani isingojwe ifike. Wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, imamu awatangazie wanaotaka kutubu wamwone faragha, waanze safari mapema chini ya daktari.

Tatu, wazazi wazungumze na watoto kabla kijiwe hakijazungumza nao. Nyoyo za Madina zililimwa kabla ya kupandwa.

Nne, tuhudhurie vikao vya serikali za mitaa vinavyojadili leseni. Tuulize umbali wa baa na shule, tuulize saa za kufungua, tutake majibu kwa maandishi.

Tano, wabunge wetu waulizwe, bila kujali dini zao, ni lini hatua zile tano za WHO zitasimama zote pamoja katika nchi hii, kama tulivyosimama kwa viroba. Kama iliwezekana kufuta pakiti ndani ya wiki mbili, haiwezekani kusemwa kuwa mengine ni mazito mno.

Sita, mwenye lori, mwenye fremu na mwenye hisa wajihesabu kabla ya kuhesabiwa.

Mizani ya Suratul-Baqarah imewekwa mbele yetu. Manufaa yapo, Allah mwenyewe ameyataja. Lakini upande wa pili wa mizani yamo ini, macho, barabara, mimba, ndoa, na yule fundi seremala aliyetaka kutubu. Mwenye macho na atazame ni upande gani unaolemea.

Wabillahi tawfiq.